Thamani ya Kipa wa Awendo

Dirisha la usajili likikaribia, simu huanza kulia, na swali la kwanza huwa lile lile: "Kocha, huyo kijana wako amefungwa mabao mangapi msimu huu?" Nimefundisha makipa katika ukanda huu wa Rongo, Awendo na Migori kwa miaka mingi, na bado sijaona swali linalopotosha bei ya mchezaji kuliko hilo. Idadi ya mabao hueleza timu nzima. Kipa ni mmoja kati ya kumi na mmoja.

Fikiria vijana wawili. Mmoja anadakia shule yenye mabeki wanne warefu wanaofagia kila mpira. Anamaliza muhula akiwa amefungwa mara chache mno, na jina lake linasambaa hadi Kisumu. Mwingine yuko klabu ya kijijini ambayo beki wake wa kulia huja mechi akitoka kukata miwa, miguu imechoka kabla ya kipenga. Huyu hufungwa kila wikendi. Karatasi inasema wa kwanza ndiye mali. Mimi nikiketi nyuma ya lango la huyu wa pili naweza kuona mengine kabisa.

Ninachotazama kwanza ni miguu. Mshambuliaji anapourudisha mguu nyuma ili apige, kipa aliyeiva huwa ametulia, nyayo zote mbili ziko chini, magoti yamelegea, uzito uko mbele ya nyayo. Asiyeiva utamkuta bado anarukaruka, na mpira ukipigwa akiwa hewani hana pa kusukumia mwili wake. Mashabiki watasema shuti lilikuwa kali. Halikuwa kali, yeye ndiye hakuwa tayari. Kisha natazama mpira wa chini unaokuja moja kwa moja kwake, hasa msimu wa mvua ndefu nyasi zinapoteleza. Je, anakunja goti moja kuziba pengo la miguu? Viwiko viko karibu, na mpira anaukunja hadi kifuani? Ama anaufuata kwa viganja tu na kumwomba Mungu?

Kwenye krosi natafuta hatua ya kwanza. Hofu huonekana hapo: kipa mwoga hurudi nyuma hatua moja kuelekea mstari kabla hajaamua lolote, na hatua hiyo haiwezi kulipwa tena.

Kwa hiyo daftari langu halina safu ya mabao. Naandika mashuti yaliyolenga lango kutoka ndani ya kijisanduku na jinsi alivyoyakabili, krosi alizozifuata na alizoziacha, mipira iliyomtoka mikononi, na mpira wa kwanza baada ya kudaka ulimfikia nani. Jambo hilo la mwisho lina uzito zaidi leo. Tangu mwaka 1992 kipa haruhusiwi kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake, na tangu Julai 2025 akiushika mpira mikononi zaidi ya sekunde nane wapinzani wanapewa kona. Kijana asiyejua kucheza kwa miguu bei yake inashuka hata kama mikono yake ni sumaku.

Wamarekani wamehangaika na suala hili hili katika besiboli. Huko kuna mrushaji, yule anayemrushia mpira mpigaji mwenye gongo, na klabu hubadilishana warushaji baada ya kubishana sana juu ya thamani yao. Mwaka 2001 mchambuzi Voros McCracken alitoa hoja iliyowashtua wengi: mpira ukishapigwa na kubaki uwanjani, mrushaji ana uwezo mdogo wa kuamua kama utadakwa au utaanguka. Kazi hiyo ni ya wenzake waliotawanyika uwanjani. Yaliyo yake hasa ni wapigaji aliowatoa kwa mirusho yake, wale aliowapa kituo cha kwanza bure, na mipira iliyopigwa ikavuka uzio. Hoja ilirekebishwa baadaye, lakini kiini chake kilibaki: mlipe mtu kwa yaliyo mikononi mwake. Majirani zetu wa Uganda wameshaingia soko hilo. Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers ilisajili warushaji wawili kutoka huko, Ben Serunkuma na Umar Male.

Umri nao husomwa vibaya. Mshambuliaji wa miaka 19 asiyefunga ana sababu ya kuhangaika, ila kipa wa umri huo aliye benchi hajachelewa. Denis Onyango wa Uganda, aliyekuwa akidakia Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, alitajwa na CAF, shirikisho la soka la Afrika, kuwa mchezaji bora wa mwaka 2016 kati ya wanaocheza barani Afrika, akiwa na miaka 31. Édouard Mendy alikaa mwaka mzima bila klabu akiwa kijana Ufaransa. Mwaka 2020 Chelsea ilimnunua na akachukua nafasi ya Kepa Arrizabalaga, ambaye klabu hiyo hiyo ilimlipia euro milioni 80 mwaka 2018. Mendy aligharimu sehemu ndogo tu ya hizo, na mwaka 2021 akabeba Ligi ya Mabingwa.

Lakini hata ukimpima kijana sawasawa, hapa kwetu bei huamuliwa na karatasi ya mkataba. Hili ndilo linaloniuma.

Awendo si mahali pa kubeza katika soka. SoNy Sugar, klabu ya kiwanda cha sukari, ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya mwaka 2006 ikitamba kutoka uwanja wa Green. Mwaka 2019, kampuni ya kamari ya SportPesa ilipojiondoa katika udhamini na klabu nyingi zikakosa hata nauli, timu hiyo iliondolewa ligini kwa kushindwa kufika mechi tatu. Klabu ikiyumba hivyo, kila mnunuzi anajua akisubiri kidogo atampata mchezaji bila kutoa senti. Kanuni za FIFA zenyewe zinamruhusu mchezaji kusaini kwingine miezi sita ya mwisho ya mkataba wake. Kipa mzuri mwenye miaka miwili ya mkataba ana bei. Kipa huyo huyo akibakisha miezi minne, hana.

Nimemwona kijana niliyemlea akichukuliwa na klabu ya mjini kwa jozi ya glavu na nauli ya basi. Klabu yake ya kijijini haikuwa na mkataba, ilikuwa na makubaliano ya mdomo. Walipouliza fidia waliambiwa waonyeshe karatasi, na hawakuwa nayo.

Hasara haiishii hapo. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23: asilimia 0.25 kwa kila msimu hadi ule wa miaka 15, na 0.5 kwa kila msimu kuanzia 16. Kipa akiuzwa dola 100,000, klabu iliyokaa naye misimu minne kuanzia 16 inastahili dola 2,000. Pesa hizo zinanunua mipira, nyavu na glavu za timu nzima ya vijana. Tangu Novemba 2022 FIFA ina mfumo maalumu wa kukokotoa na kugawa malipo haya, nao unafuata kumbukumbu za usajili za mashirikisho. Jina ambalo halikuwahi kusajiliwa halilipiwi, hata kama Awendo nzima inajua nani alimfundisha kudaka.

Kwa hiyo ewe mwenyekiti wa klabu, iwe Awendo, Rongo au ng'ambo ya Homa Bay: msajili kipa wako katika shirikisho akiwa bado mdogo, kwa cheti chake halisi cha kuzaliwa. Akifikia umri, andika mkataba wa miaka miwili au mitatu, usainiwe mbele ya mzazi, na mzazi aende nyumbani na nakala yake.