Nani Anakagua?

Usiku wa kuamkia upasuaji, Mama aliniuliza swali moja tu: "Wakishakata na kushona, nani anakagua?"

Mama ni fundi cherehani. Kabla ya kumkabidhi mteja nguo, huigeuza ndani nje na kuvuta kila mshono. Mimi nasoma uzamili wa afya ya jamii, na kwa wiki tatu nilikuwa nimesoma kila nilichokipata kuhusu upasuaji wa kupunguza tumbo. Nikamweleza. Daktari hupitisha mpira mdomoni mpaka tumboni, unene wake sentimita moja na kitu, kisha hukata kwa kuufuata ili njia ya chakula isiwe nyembamba mno. Robo tatu ya tumbo, au zaidi kidogo, huondolewa. Kifaa kimoja hukata na kubana kwa pini ndogo za chuma. Madaktari wengine hushona tena juu ya pini hizo, au huweka utepe wa kuimarisha. Wanapopaogopa zaidi ni juu, karibu na koo la chakula. Hapo pakivuja, maambukizi yanaweza kuua. Kwa hiyo wengi, kabla ya kufunga, humimina maji ya bluu ndani na kutazama kama yatatokeza mahali.

"Basi wanavuta mshono," akasema. Akalala.

Mimi sikulala. Sikumwambia kwamba maji ya bluu hayamalizi mambo. Mshono uliopita salama mezani unaweza kuvuja siku kadhaa baadaye, mgonjwa akiwa nyumbani.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Jioni ileile muuguzi alitaka atembee, damu isigande miguuni. Mama alikataa. Nilimshika kiuno, tukaenda mpaka dirishani na kurudi, akinilaumu kila hatua.

Tuliporudi nyumbani nikahamia chumbani kwake. Moyo kwenda mbio ni miongoni mwa dalili za mwanzo za kuvuja, kwa hiyo kila baada ya saa chache nilimshika kifundo cha mkono na kuhesabu, macho kwenye simu. Nilidhani amelala.

Usiku wa tano akafumbua macho. "Ngapi?"

"Themanini na mbili."

"Kumbe ni wewe," akasema, akaniachia mkono wake.