Ufa wa Milimita Moja na Nukta Nne

Likizo ya Desemba 1994 niliimalizia Gerezani, Dar es Salaam, nikiwa spana boi wa fundi mmoja mzee. Jua halijawaka vizuri, wagonga mabati wa jirani walikuwa wameshaanza, na mpaka jioni tulikuwa tukisemezana kwa kupayuka.

Gari lilikuwa la mjomba: Volkswagen Beetle ya 1600, mgongo wa kobe, injini nyuma, rejeta haina. Gereji moja ilikuwa imeifungua injini ile na kuifunga upya. Tangu siku hiyo, ikishapata moto na mwendo ukakolea, ilikuwa ikigonga: ko, ko, ko. Mjomba akaambiwa ni beringi.

Fundi alifungua boliti nne, tukaishusha injini. Alipovua hedi akaniita. Uso wa pistoni ulikuwa mweusi kwa masizi, ila ukingoni paling'aa, umbo la mwezi mwandamo.

"Unaona, mwanangu? Hapa ndipo pistoni inapobisha hodi."

Kumbe wale wa mwanzo walikuwa wamechonga bloku pale silinda zinapokalia, ili zikae sawa. Kazi hiyo si mbaya. Lakini ukichonga, silinda zinazama, hedi nayo inaifuata pistoni. Kimo kinarudishwa kwa shimu, zile pete nyembamba za chuma zinazowekwa chini ya silinda. Hawakuweka hata moja.

Fundi alikata vipande viwili vya waya wa risasi ya kulehemu, akavibandika kwa grisi juu ya pistoni, kimoja kila upande, sambamba na pini yake. Ukiweka upande mmoja tu, alisema, pistoni inalala na kipimo kinakudanganya. Akarudisha hedi, akakaza nati, akaniamuru nizungushe krenki polepole hadi pistoni ipite kileleni. Tulipofungua, waya ulikuwa umebapa kama ukucha. Akaupima: milimita 0.4.

"Ilitakiwa ngapi, Fundi?"

"Kati ya moja na moja na nusu. Chuma kikipata moto kinatanuka. Pistoni ikikimbia, mkono wake unavutika. Pasipo nafasi, itagonga." Nikauliza kwa nini basi tusiache nafasi kubwa kabisa. Akacheka. "Mgandamizo utapungua, petroli itaungua ovyo, na mjomba wako atapandia Pugu kwa gia ya pili."

Tukaweka shimu za milimita moja pande zote mbili, kisha akanipimisha silinda zote nne, moja baada ya nyingine, kwa waya mpya kila mara. Nikanung'unika kuwa ya kwanza imeshatoa 1.4, zilizobaki za nini? Hakunijibu. Alininyooshea waya.

Jioni, akifuta mikono kwa petroli, alisema neno ambalo sijalisahau: "Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu wetu ukiuziba, utanunua injini."

Beetle zilishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Ile ya mjomba haikushinda chochote, ila haikugonga tena mpaka alipoiuza.

Nawe ukipeleka gari la zamani kufunguliwa injini, muulize fundi wako ameacha milimita ngapi juu ya pistoni. Akikujibu "iko sawa tu" bila kutaja namba, mwambie afungue tena.