Bao la Mti na Bao la Kioo

Katika kata ya Maisaka, mjini Babati, mahali ambapo mtu akiinua macho huuona mlima Kwaraa, walikuwapo wazee wawili waliocheza bao pamoja kwa muda wa miaka kumi na tisa. Mmoja alikuwa mwalimu mstaafu, mzaliwa wa Pangani, aliyepelekwa bara kusomesha wakati Babati ingali wilaya ya Mkoa wa Arusha, yaani kabla ya mwaka 2002 ulipoundwa Mkoa wa Manyara. Alikaa, akajenga, akazeeka huko. Wa pili alikuwa seremala, Mrangi wa upande wa Kondoa. Watu walimwita wa kwanza Mwalimu na wa pili Fundi, na wao wenyewe waliitana vivyo hivyo.

Bao walilochezea lilikuwa kazi ya mikono ya Fundi: gogo la mninga, mashimo 32 katika safu nne. Kete zilikuwa mali ya Mwalimu. Zilikuwa 64, zote komwe, naye aliziagiza kutoka kwao pwani kwa sababu, alisema, kokoto hazina sauti. Mchezo wenyewe ulikuwa bao la Kiswahili, si lile la kujifunza ambalo kila shimo huanza na kete mbili. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi. Hizo za mkononi hunamuliwa moja moja, na zikiisha ndipo mtaji uanzapo. Aghalabu mchezo wao ulianza baada ya sala ya alasiri na kukatizwa na giza.

Kilichowatenga kilikuwa kitu kidogo. Siku moja ya mwezi wa Machi Fundi alikula, akazigawa kete zake, na ile ya mwisho ikaangukia katika nyumba yake mwenyewe. Mkabala wake, upande wa Mwalimu, shimo lilikuwa tupu. Hapo sheria humpa mchezaji hiari: aweza kulala, nyumba yake ikabaki salama, au aweza kuizoa na kusafiri nayo. Fundi alinyamaza, mkono wake ukiwa juu ya nyumba. Mwalimu alidhani mwenzake amelala, akanamua. Fundi akasema kwamba alikuwa bado akifikiri. Mwalimu akasema kwamba fikira haina alama. Watazamaji nao waligawanyika, nusu huku na nusu kule, na maneno yakatoka ubaoni yakaingia katika mambo ya zamani: bei ya mlango uliotengenezwa miaka mingi nyuma, na tabia za watu wa pwani, na tabia za watu wa bara. Mwisho Fundi alilibeba bao lake akaenda zake. Mwalimu alizikusanya kete katika kifuko akaenda zake. Tangu siku hiyo mmoja alikuwa na mashimo bila kete na wa pili kete bila mashimo.

Fundi alikuwa na mjukuu wa kike aliyemaliza kidato cha sita mwezi wa Mei akarudi nyumbani kungoja matokeo. Binti huyo alimwona babu yake amekaa barazani kila alasiri akilitazama gogo tupu, akamwonea huruma. Akaingiza katika simu yake programu ya bao, akampa.

Yafaa kuueleza mchezo huo wa kioo kwa haki, maana wazee wengi huulaani kabla ya kuugusa. Sheria zake zilikuwa zile zile: namua, mtaji, nyumba, kichwa na kimbi. Fundi aligusa shimo kwa kidole, na kete zikajigawa zenyewe, moja baada ya moja, bila kosa. Hapakuwa na kete iliyoanguka chini ya kigoda, wala mbili zilizogandana zikaingia shimo moja. Mashine ilicheza vizuri, ikamshinda mara mbili siku ya kwanza. Siku ya tatu Fundi aliishinda, akainua kichwa kutafuta mtu wa kumcheka, asimwone.

Lalamiko lake la kwanza lilihusu mkono. Fundi wa bao huzijua kete kwa vidole: akizizoa huhisi uzito wake, naye hujua zitalala wapi kabla hajaanza kuzigawa. Katika kioo ujuzi huo haukuwa na kazi. La pili lilikuwa zito zaidi. Siku moja kete yake ya mwisho iliangukia nyumba, kama ile siku ya Machi, na hapo hapo kioo kikamwuliza kwa maandishi kama alale au asafiri. Palikuwa na vitufe viwili. Fundi alivitazama kwa muda mrefu. Simu ilingoja, na ingengoja mpaka kesho. Alisema, "Huyu hawezi kugombana na mtu." Binti alidhani ni sifa.

Kwa kweli ilikuwa nusu ya sifa. Fundi alitumaini kwamba mashine, kwa kuwa haina upendeleo, ingemwambia nani alikuwa na haki kati yake na Mwalimu. Nayo haikuweza kumwambia, kwa kuwa katika ulimwengu wake jambo lile haliwezi kutokea. Mtu aliyenyamaza mkono ukiwa juu ya nyumba hayumo ndani yake. Yumo tu mtu aliyegusa kitufe na mtu asiyegusa. Chini ya mti sheria hukaa baina ya watu, na kila siku hapana budi watu wailinde, waipinde kidogo, wamsamehe mmoja na wamkatalie mwingine. Ndani ya simu sheria imekwisha kukaa kitako kabla mchezaji hajaja.

Jambo hili si la bao peke yake. Mwaka 1974 nchini Marekani Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambao huchezwa mezani kwa karatasi, penseli na dadu. Wachezaji hujivika nafsi za mashujaa, na mmoja wao huwa msimulizi na mwamuzi: ndiye aelezaye pango na zimwi, na ndiye akataye shauri kama hila ya mchezaji imefaulu. Mchezaji akisema kwamba hatapigana na zimwi bali ataliuliza habari za mama yake, msimulizi hukuna kichwa, akalijibu kwa kinywa cha zimwi. Mwaka 1988 sheria za mchezo huo zilitiwa katika mchezo wa kompyuta ulioitwa Pool of Radiance. Na mwaka 2023 ukatoka Baldur's Gate 3, kazi ya kampuni ya Larian ya Ubelgiji, wenye picha na sauti za kustaajabisha. Watungaji wake walikisia mambo mengi mno ambayo mchezaji aweza kuyataka, wakayawekea majibu. Ni kazi kubwa. Hata hivyo zimwi la kompyuta husema yale tu yaliyokisiwa, na habari za mama yake hazisemi kama hakuna aliyezikumbuka.

Wataalamu walioligusa bao nao walikutana na ugumu wa namna hiyo. Alexander de Voogt, Mholanzi, alijifunza kwa mafundi wa Zanzibar, akatoa kitabu juu ya ustadi wao mwaka 1995. Na mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht waliandika makala juu ya kuliingiza bao katika kompyuta. Sasa, katika bao yaweza kutokea mwendo ambao haulali: kila kete ya mwisho huangukia shimo lenye kete, mchezaji huzoa tena na kuendelea, na duara halifungi. Wazee wakiona hivyo hucheka, mmoja akasema yatosha, na wengine wakamkubalia au wakamkatalia. Mashine haina mkono wa kuchoka wala uso wa kuona haya. Isipowekewa kikomo itazunguka mpaka moto wa betri uishe. Basi mtunga programu hana budi kukata shauri mapema, peke yake, juu ya ugomvi wa watu asiowajua.

Lakini mti nao una dhambi zake, na si ndogo. Wazee wa Maisaka hawakupata kumfundisha mtu bao kwa upole. Kijana aliyekosea alizomewa, na sheria ya kutakasia ilifichwa kana kwamba ni siri ya ukoo. Mtoto wa kike hakukaribishwa kabisa. Alileta maji akaondoka. Simu haikumwuliza mjukuu wa Fundi yeye ni nani. Ilimshinda mara nyingi bila kumdhihaki, na mwezi wa Juni ulipokwisha alikuwa akimshinda babu yake mchezo mmoja katika mitatu. Wenye kusema kwamba kioo kimeua bao hawana budi kumjibu binti huyo.

Siku moja alimwambia babu yake kwamba anataka kucheza juu ya gogo. Fundi akamwambia kete hakuna. Binti akaondoka bila neno, akaenda mpaka nyumbani kwa Mwalimu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Nimekuja kuazima kete."

"Nani amekutuma?"

"Sikutumwa."

Mwalimu alizihesabu mbele yake, moja moja, mpaka 64, kama atoaye amana mahakamani. "Uzirudishe zote," akasema.

Walicheza siku mbili barazani kwa Fundi. Vidole vya binti vilikuwa vizito. Aliangusha kete, akakosa hesabu, na babu yake akamzomea kama azomewavyo kijana yeyote. Siku ya tatu Mwalimu alitokea. Alisema kwamba amekuja kuzitazama kete zake, akasimama kando ya nguzo, wala hakuna aliyemkaribisha wala aliyemfukuza.

Binti alikula, akagawa, na kete ya mwisho ikaingia katika nyumba yake. Mkabala wake shimo lilikuwa tupu. Kwa mazoea ya kioo alikaa akingoja kuulizwa. Hapana kilichouliza. Mkono wake ulibaki juu ya nyumba.

"Umelala?" akasema Fundi, na bila kungoja jibu akanyosha mkono kuchukua kete yake.

"Mwache, Fundi," Mwalimu akasema kutoka kwenye nguzo. "Mkono wake haujainuka."

Fundi akaurudisha mkono wake. Baadaye kidogo, bila kuinua macho kutoka ubaoni, alimwambia mjukuu wake kwamba akimaliza kufikiri alete kigoda kingine.