Theluthi Mbili

Uvira, 8 Machi 2023

Leo kijana wa depo ya saruji ninakofanya kazi ameniletea bahasha nyumbani, ambako bado naugua. Ndani dola 60, na mshahara wangu ni 180. Karatasi ya kutia sahihi ilikuwa na neno moja la Kifaransa kwa mwandiko wa mhasibu: secours. Msaada. Nikatia sahihi, nikamwambia kijana amfikishie bosi shukrani zangu nyingi.

Mke wangu alikuwa anasonga ugali, hakusema kitu. Tulipomaliza kula ndipo akauliza: "Baba, wanakusaidia ao wanakulipa?"

Sikuwa na jibu.

11 Machi

Nimepanda pikipiki mpaka Mulongwe kwa shemeji, aliyekuwa mjumbe wa wafanyakazi miaka ya nyuma. Anayo Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, imechakaa kama kitabu cha nyimbo. Akanifungulia kifungu cha mshahara wa mgonjwa, nami nikasoma mara tatu. Mfanyakazi akiugua, kontra haifi, inasimama tu. Na muda wote imesimama, mwajiri anampa theluthi mbili ya mshahara na posho ya watoto bila kupunguza. Kifungu cha 178 kinamdai mwajiri huyohuyo matibabu: ya mfanyakazi na ya jamaa yake.

Theluthi mbili ya 180 ni 120. Kwa hiyo mwezi wa pili wananidai shukrani, mimi nawadai dola 60.

Nilidhani CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ndiyo ingenilipa, maana kila mwezi wanakata 5% kwangu na bosi anatia 13%. Shemeji akatikisa kichwa. Pesa ile ni ya uzee, ya watoto, na ya anayeumia kazini. Homa, malaria, kifua kikuu kama changu, yote ni juu ya mwajiri.

12 Machi

Usingizi umenipita. Mkojo bado una rangi ya machungwa kwa sababu ya vidonge, na muuguzi anasema nisiogope.

Ninachoogopa ni hesabu. Dawa za kifua kikuu ni miezi sita. Sheria nayo, kifungu cha 60, inamruhusu mwajiri kuvunja kontra mgonjwa akipitisha miezi sita mfululizo bila kuweza kazi, ilimradi amlipe fidia ya notisi. Mimi nililala kwa ugonjwa tarehe 30 Januari, dawa nikaanza tarehe 6 Februari. Juma moja hilo limenikaa kifuani kuliko ugonjwa wenyewe. Muuguzi amenituliza: makohozi yakiwa safi baada ya miezi miwili, na nguvu zikirudi, daktari anaweza kuniandikia kurudi kazini huku naendelea kumeza.

19 Machi

Nimeandika barua. Sikutukana mtu. Nimetaja kifungu, nimetaja 120, nimeomba neno secours lifutwe. Wasipokubali, nitakwenda kwa mkaguzi wa kazi, maana mahakama ya kazi haipokei shauri kabla mkaguzi hajatukalisha pamoja.

Tangu niipeleke namfikiria mzee mmoja mbebaji wa Kalundu. Gunia la saruji lilimwangukia mguuni mwaka 2021 akishusha mzigo wetu. Tulichanga faranga 2,000 kila mtu, tukaona tumetenda wema. Yeye ndiye hasa CNSS ingemhusu, kwa kuwa aliumia kazini, lakini hakuna aliyemtangaza. Tulisema hana kontra. Leo najua sheria inamruhusu mfanyakazi asiye na karatasi kuthibitisha kazi yake kwa njia yoyote ya haki. Na mimi ndimi niliyekuwa nashika daftari la depo: tarehe, idadi ya magunia, jina la kila aliyebeba. Jina lake lilikuwa humo karibu kila siku.

7 Aprili

Makohozi safi! Mke wangu amepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Daktari ameandika: kazi nyepesi, bila vumbi la saruji, kuanzia tarehe 17.

Mhasibu amenitumia 120 za Machi. Safari hii ameandika salaire. Mshahara. Za Februari anasema "tutaona". Nitamwendea mkaguzi kwa hizo.

16 Aprili

Kesho narudi depo. Madaftari ya zamani yamo kwenye sanduku la bati chini ya meza yangu, na ufunguo ninao mimi. La mwaka 2021 lina jalada la kijani. Nitalitafuta asubuhi, kabla ya kamiyo ya kwanza kufika.