Mita 750 za Ziwa Zanitoa Jasho

Mwenzio nimejitosa. Nataka kushiriki traiatloni yangu ya kwanza, ule mchezo wa kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, vyote kwa mkupuo. Ile fupi ni mita 750 za maji, kilomita 20 za baiskeli na 5 za miguu. Baiskeli na mbio hazinipi presha. Mimi ni mtoto wa Sumbawanga, mita kama 1,800 juu ya usawa wa bahari, mapafu yapo. Maji ndiyo kiboko yangu.

Ziwa Rukwa mamba ni wengi, basi Jumamosi nashuka na gari hadi Kasanga, Ziwa Tanganyika. Juu sweta, chini joto la kuvua shati. (Tanganyika nako mamba wapo, kwa hiyo nauliza wavuvi kwanza.)

Siku ya kwanza nilitoka mbio kama nafukuzwa. Mita 60 tu, pumzi kwisha, nikanywa maji. Mzee mmoja wa mtumbwi akanidaka kwapani.

"Shikamoo, mzee," nikasema huku nakohoa.

"Marahaba. Unapigana na ziwa, mwanangu?"

Nyie wa Dar mnaoogopa uchawi wa Sumbawanga, njooni muogope maji haya kwanza!

Sasa naogelea sambamba na ufukwe, maji ya kifuani. Mzee alinipimia mita 50 kwa kamba ya nyavu. Naenda taratibu, natolea pumzi majini, napumzika, narudia. Kila wiki naongeza kipande kimoja tu. Juzi nimepiga 400 bila kusimama. Zimebaki 350, na mzee keshaanza kudai soda baridi ya ukocha.