Kisanduku Tulichokidharau

Kompyuta ya mezani iliyo nyumbani kwetu Mombasa tuliinunua miaka 12 iliyopita kwa ajili ya kuandikia masomo ya madrasa. Siku hizi ni ya binti yetu. Humo huhariri video za harusi za kina mama, kazi inayomjia kwa sababu moja: wenyewe hawataki picha za usiku wa kupamba zipite mikononi mwa vijana wa madukani. Ni amana, na yote imo katika diski moja.

Kwa akiba yake mwenyewe alinunua kadi ya grafiki iliyokwisha kutumika, ili video moja isimchukue usiku kucha. Muuzaji alimshauri abadilishe na pawa saplai, kile kisanduku cha chuma kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Alipotushauri tulimjibu, "Mwanangu, iliyomo si inawaka?" Mafundi, tulidhani, hawakosi la kuuza.

Kadi ikachomekwa, na waya wake wa pini 6 ukaungwa kwa adapta. Kompyuta iliwaka, ikaandika barua, ikafungua picha. Lakini kila alipoanza kutoa video iliyokamilika ilizima ghafla. Mara ya tatu ikatoka harufu ya kuungua. Binti yetu alinyamaza. Harusi ya watu ilikuwa humo, na nakala ya pili hakuwa nayo.

Tulikwenda naye kwa fundi mwingine, mzee mwenzetu. Alitusomesha karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa kisanduku. "Wati 300" ziliandikwa kwa herufi kubwa, na hizo ndizo tulizozitegemea. Chini yake, kwa herufi ndogo, njia ya volti 12 ilipewa ampea 16 tu. Akazidisha mbele yetu: wati 192. Prosesa yetu hula hadi wati 95, kadi hula 120, na zote mbili hutegemea njia hiyo hiyo. Kadi haili hivyo wakati wa kuandika barua. Hudai haki yake yote kazi inapokuwa nzito. Tena tundu inapochomekwa kadi hutoa wati 75 tu, zilizobaki zikapita kwenye ile adapta nyembamba. Na kapasita za ndani huchakaa kwa joto. Kisanduku cha miaka 12 katika joto la Mombasa hakitoi tena kilichoahidiwa. Sisi tuliosomesha hesabu za mirathi tulishindwa na kujumlisha kwa namba mbili.

Alhamdulillahi, diski ilisalimika. Tulinunua pawa saplai ya wati 500 yenye waya wake halisi wa pini 6, kwa shilingi 4,500 kutoka mfukoni mwetu. Binti yetu akadai na diski ya nje ya kuwekea nakala, nasi hatukuwa na uso wa kukataa.

Video ilimfikia bibi harusi siku nne baada ya ahadi. Mama yake hakuuliza sababu, na binti yetu hakutusema. Ndio tunajisema wenyewe hapa.