Kipimo cha Makombo

Kwetu Kasongo chakula cha mbwa kina jina moja: makombo. Neno hilo linasema chakula kimetoka wapi, halisemi ni kiasi gani. Likishatamkwa, swali huonekana limekwisha.

Likizo iliyopita nilikuwa Kabambare kwa baba mdogo, mwindaji. Mbwa wake ni wa aina ile ya Kongo isiyobweka, inayofungwa kengele ya mti shingoni ili isipotee porini. Mbavu zake zilihesabika. Baba mdogo alisema ni minyoo. Huenda, lakini nilitaka kwanza kujua mbwa yule anahitaji kula kiasi gani.

Waganga wa mifugo wana hesabu yao, na simu ndogo inaiweza: uzito kwa kilo, kipeo cha tatu, halafu kipeuo cha pili mara mbili, kisha mara 70. Tulimtia mbwa katika gunia, tukalitundika kwenye mizani ya muuza mchele. (Alitutaka tuje na gunia letu, yeye ni Mwislamu, na mate ya mbwa ni najisi.) Kilo 10. Basi 1000, 31.6, 5.62: kilokalori 394. Hizo ni za kulala tu. Mbwa mzima anayetembea nyumbani huzidishiwa 1.6, yaani 630; siku ya mawindo, mara mbili hata tatu.

Unga wa muhogo una kilokalori kama 350 kwa gramu 100. Siku ya kukaa ni gramu 180, siku ya porini zaidi ya 220, na protini muhogo karibu hauna. Makombo ya nyumba yenye watoto sita niliyakusanya siku tatu. Hayakujaza kikombe.

Kamusi inanipa neno nishati. Pale halina mwenyewe. Nilisema nguvu, baba mdogo akaelewa mara moja, akauliza: "Na mutoto, je?" Mtoto wa miaka miwili anahitaji kama kilokalori 1000. Mbwa wa mawindo anamkaribia, hata kumpita. Ila nyama ya mtoto huyo huletwa na mbwa.

Tulikubaliana matumbo, yakichemshwa, yawe ya mbwa kwanza. Bukari ilibaki kwa mama mdogo, maana muhogo ameulima yeye. Alitusikiliza hadi mwisho, akakata bonge moja la ukubwa wa ngumi, akasema: "Ya imbwa ni hii." Nusu ya hesabu yangu haikufika.